Jiwe la Majina Mawili

Kuna watu wasiojua kupenda bila kutengeneza kitu. Selmer Rygh alikuwa mmoja wao. Akimpenda mtu atamzibia paa linalovuja, atamnolea visu, atampangia kuni za msimu mzima mlangoni. Neno lenyewe la mapenzi lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana asubuhi ile ya Siku ya Makaburi, siku ya kila mwaka ya kuwapelekea wafu maua, alipokuwa akikata maua kando ya ukuta wa nyumba yake, moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha na hofu. Kuna kitu alikuwa amemtengenezea Verna Dokken, na leo Verna angekiona.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Ng'ambo ya ua, mahindi machanga yalisimama ndani ya maji, yamegeuka manjano, na trekta lilikuwa limelala bandani bila kazi. Maua ya peoni nayo yalikuwa yameinama mpaka chini, mazito kwa maji, mekundu kama damu ya ng'ombe. Inga, mkewe marehemu, ndiye aliyevipanda vichaka vile mwaka waliofunga ndoa. Selmer alikata shina moja moja, akalikung'uta ili sisimizi waanguke, akalitia ndani ya kopo la kahawa lenye maji.

"Leo usinikasirikie, Inga," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akavua kofia, akasali Baba Yetu palepale kwenye matope, kwa Kinorwe cha mama yake, kwa maana sala ya lugha nyingine haikumkaa moyoni.

Mji mzima wa Elgaard ulimjua Selmer. Mashamba ya kaskazini mwa mto yalikuwa yake. Ghala la nafaka lililosimama kando ya reli, refu kuliko mnara wa kanisa, lilikuwa lake. Mbegu na mbolea watu walinunua kwake. Walimheshimu, na nyuma ya mgongo wake walimcheka kidogo: walisema Selmer akiuziwa kiatu kimoja kwa bei ya kutupa atakinunua, kisha atazunguka jimbo zima la Iowa kumtafuta mtu mwenye mguu mmoja.

Na hata kaburini alikwenda na tabia hiyo. Inga alipofariki, mchongaji mawe, mzee Lorenz, alimwambia kuwa kuchonga majina mawili kwa mkupuo mmoja ni nafuu kuliko kumwita tena baadaye. Selmer hakufikiri mara mbili. Jiwe jekundu lililong'arishwa likasimamishwa: kushoto jina la Inga na mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa, kulia jina la Selmer na mwaka wa kuzaliwa, halafu kistari, halafu nafasi. Katikati, juu ya majina, pete mbili zilizoshikana. Hakuna aliyeshangaa. Katika makaburi ya Elgaard nusu ya wazee walipita kila Jumapili mbele ya majina yao wenyewe, wakisubiri tarakimu za mwisho tu.

Kisha akaja Verna.

Alikuja kufanya kazi kwenye mizani ya ghala baada ya kumzika mama yake, ambaye Verna alimuuguza mpaka ujana wake wote ukamwishia mikononi. Alikuwa na kijumba chake cha mizani, chenye dirisha la kioo, na magari ya mahindi yakipanda mizani yeye husoma uzito na kuinua mkono: sawa, pita. Selmer alianza kupita pale bila gari. Alisimama nje ya kioo akijifanya anatazama mawingu. Verna aliinua mkono: sawa, pita. Siku moja hakuinua mkono. Alimtazama tu, na Selmer naye akamtazama, na kioo kikafunikwa na mvuke wa pumzi za watu wawili wazima. Tangu siku ile kahawa ya saa nne waliinywa pamoja.

Machi, barafu ilipoanza kuyeyuka, alimwambia, "Verna, nyumba yangu ni kubwa. Natamani ungekuwa ndani yake." Hayo ndiyo yaliyomtoka.

Verna alinyamaza mpaka kahawa ikapoa. "Nitakujibu Siku ya Makaburi," alisema. "Nipeleke kwa Inga. Nataka kukujibu mbele yake."

Selmer alilitafuna jambo hilo siku nyingi, kama mfanyabiashara anavyomchunguza mteja anayezungukazunguka bidhaa bila kuinunua. Kinamzuia nini? Akalitazama jiwe kwa macho ya Verna, akaliona jina lake mwenyewe pale, limelala tayari karibu na mwanamke mwingine. Akajipiga paji la uso. Jumatatu akaenda kwa Lorenz.

"Nataka jina langu lifutwe," alisema.

Lorenz aliweka patasi chini. "Lifutwe?"

"Lisagwe. Kabla ya Siku ya Makaburi."

"Binti yako Ardis anajua?"

"Jiwe nililinunua mimi."

"Jiwe ni lako, mzee. Lakini aliyelala chini yake ana watu wake." Lorenz alikuna kidevu chenye vumbi jeupe. "Mimi ningengoja."

"Sikuja kuuliza wewe ungefanya nini."

Basi Lorenz akafanya alichoambiwa.

*

Verna alikuwa akimsubiri barazani kwa mwenye nyumba wake, amevaa gauni la rangi ya majivu na kofia ndogo, na mikononi ameshika kopo lake mwenyewe la maua. Yake yalikuwa peoni nyeupe.

"Umeyatoa wapi?" Selmer alimuuliza, akimfungulia mlango wa pikapu.

"Kaka yangu aliniletea jana kutoka kwetu. Ni ya mama." Alipakata kopo kama mtu anayepakata mtoto. "Nilitaka kumpelekea Inga kitu changu, si kitu nilichokatiwa na mumewe."

Waliendesha taratibu, matope yakirukia vioo. Selmer alimtazama kwa pembe ya jicho. Aliona mkono wake umetulia juu ya kopo, sisimizi mmoja akitembea kwenye kidole chake cha pete, na yeye hamfukuzi.

"Umelala vizuri?" alimuuliza.

"Nimesali zaidi ya nilivyolala." Verna alitabasamu kidogo. "Na wewe? Umenyoa mpaka umejikata."

"Wembe mbaya."

"Wembe mbaya, au mkono unatetemeka?"

"Vyote viwili vilinunuliwa kwa bei nafuu."

Verna alicheka, na kicheko chake kikajaza pikapu ile yenye harufu ya mbolea na mbwa. Selmer angetoa ghala zima ili barabara iendelee tu, wasifike. Lakini barabara za huko hazina kona. Kanisa walikuwa wakiliona tangu walipotoka mjini.

"Nina kitu nitakuonyesha," alisema alipozima injini.

"Na mimi nina kitu nitakuambia," alisema Verna. "Lakini tuanze na Inga."

Watu walikuwa wametapakaa makaburini na makopo yao, wakisalimiana kwa sauti za chini chini. Kutoka ukumbi wa chini wa kanisa harufu ya nyama ya nguruwe na kahawa ilikuwa imeanza kupanda. Selmer alimshika Verna kiwiko ili asiteleze. Aliviona vichwa vikigeuka, akafikiri wanageukia kofia ya Verna.

Kisha akamwona binti yake. Ardis alikuwa amesimama mbele ya jiwe, mgongo umenyooka, kopo la maua limemwangukia miguuni na maji yamemwagika kwenye viatu vyake. Kando yake alisimama Borghild, dada yake Inga, mwanamke mnene mwenye ulimi ambao hata mchungaji aliukwepa.

"Haya, shemeji," Borghild alisema. "Njoo uone. Kuna mtu kakufuta. Au umefufuka na hukutuambia?"

Selmer alitazama jiwe. Hakuwa ameliona tangu kazi iishe. Moyoni alikuwa amelipigia picha safi, jiwe jekundu linalong'aa lenye jina moja. Lakini jiwe lililosagwa halirudi kung'aa. Upande wa kulia kulikuwa na kiraka kikubwa, kimepauka, kimekwaruzika, kama ngozi iliyoungua ikapona vibaya. Na juu yake, zile pete mbili bado zilikuwa zimeshikana. Hakumwambia Lorenz afute pete.

"Baba," alisema Ardis. Midomo yake ilikuwa haina rangi. "Sema si wewe."

"Ardis, mwanangu, ningekuambia..."

"Lini? Baada ya chakula?"

"Ni jina langu tu. La mama yako sijaligusa."

"Jina lako lilikuwa la mama yangu, Baba. Ndicho kitu pekee alichoondoka nacho." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira, kama alivyofanya utotoni. "Usiku ule wa mwisho alikuuliza, 'Utakuja, Selmer?' Ukamwambia, 'Nitakuja, Inga, nafasi yangu ipo.' Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji. Nilisikia."

Selmer aliinama, akaliweka kopo lake la maua mekundu upande wa Inga.

"Mwache," Borghild alisema. "Baba yako ni mtu wa biashara. Mkataba wa zamani umevunjwa, mkataba mpya huu hapa umevaa kofia."

"Mama mdogo, tafadhali," alisema Ardis.

"Mimi nasema kinachosemwa na wote hawa wanaojifanya wanapanga maua." Borghild alimgeukia Verna. "Wewe binti Dokken, mizani yako inapima mahindi vizuri. Na hili je, umelipima? Marehemu hata hawezi kukuomba umwachie mume kaburini."

Verna alikuwa akitazama jiwe. Selmer aliuona uso wake ukififia taratibu, kama taa inayopunguzwa utambi. Hata kabla Verna hajasema neno, Selmer alijua kwamba alichomtengenezea kilikuwa kimevunja kitu.

"Bibi Borghild," Verna alisema hatimaye, "mimi sikuliomba hili. Mungu ni shahidi wangu. Ardis, sikuliomba."

Ardis alimtazama kwa muda mrefu. "Nakuamini," alisema. "Lakini kila nitakapokuja kwa mama yangu nitakuona wewe pale palipofutwa. Siwezi kujizuia." Akainama, akaokota kopo lake tupu, akaondoka kuelekea kanisani. Borghild alimfuata, mwavuli ukichoma matope kama fimbo.

*

Walibaki wawili. Mvua nyepesi ilianza tena, ile isiyo na sauti.

"Nilifikiri ndicho kilichokuwa kinakuzuia," alisema Selmer. "Ulisema utanijibu mbele ya Inga. Nikafikiri huwezi kuolewa na mtu ambaye jina lake limeshalala kwa mwingine."

"Hukuniuliza."

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza." Verna alikuwa bado amepakata maua yake. "Unajua nilikuja kukuambia nini leo?"

"Sasa naogopa kujua."

"Nilimwandikia kaka yangu mwezi wa tatu, wiki ile ile uliponiuliza. Nikamwambia anitunzie nafasi karibu na mama, kule kwetu. Akakubali. Jana alipoleta maua alinihakikishia." Alipumua. "Nilikuja kumwambia Inga, mbele yako: niazime mumeo. Nitamtunza, nitampikia, nitamfungia vifungo vya shati mikono yake ikianza kukakamaa. Siku yake ikifika nitamleta hapa mwenyewe, alale anapotakiwa kulala. Mimi nitakwenda kwa mama. Hivyo ndivyo nilivyosali tangu Machi, na moyo wangu ulikuwa umepata amani."

Selmer alishika ncha ya jiwe, akaiachia haraka, kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimeangukia palipokwaruzwa.

"Ungenikubali," alisema. "Na jiwe likiwa vile vile."

"Nilikuwa nimekukubali tangu ile kahawa iliyopoa. Nilitaka asubuhi zako, Selmer. Mifupa yako sikuihitaji."

"Basi chukua asubuhi zangu. Zimebaki. Verna, zimebaki chache, ndiyo, lakini ni zako."

Verna alimtazama, na katika macho yale Selmer aliona kila kitu alichokuwa akikiona nyuma ya kioo cha mizani, na juu yake kitu kingine, huzuni isiyokuwapo zamani. Aliinua mkono wake wenye baridi, akamgusa pale alipojikata na wembe.

"Nikiingia nyumbani kwako sasa," alisema, "nitaingia kwa kukanyaga jina. Ardis hatavuka kizingiti. Kila mwaka siku kama ya leo watu watasimama hapa, watatazama jiwe, kisha watanitazama mimi. Hayo ningeweza kuyavumilia, nimevumilia zaidi. Lakini kuna jingine."

"Niambie."

"Ulimwahidi mwanamke anayekata roho. Ukaja ukaifuta ahadi hiyo kwa mashine, Jumatatu moja, bila kumwambia mtu, kwa sababu uliona inakuzuilia biashara. Na ulifanya kwa wema, najua. Ulifanya kwa kunipenda." Alikigeukia kile kiraka. "Nitalalaje karibu na wewe bila kujiuliza ya kwangu utayafuta lini, kwa wema vilevile?"

"Nitamwambia Lorenz alirudishe jina. Leo. Nitakwenda kumtoa mezani huko kanisani."

"Atalichonga juu ya nini? Itabidi lisagwe jiwe zima liwe sawa, na jina la Inga lisagwe pamoja na lako." Alitikisa kichwa. "Jiwe si mahindi, Selmer. Mvua ikiharibu mbegu unapanda tena. Jiwe halioti tena."

Maisha yake yote Selmer alikuwa amepanda tena. Mafuriko yalipokuja alipanda tena, ukame ulipokuja alipanda tena, mvua ya mawe ilipotwanga shamba lote mwaka mmoja alisimama kesho yake na mbegu mpya mkononi. Hakujua mtu hufanya nini pasipopandika.

"Utakwenda wapi?" aliuliza.

"Kwa kaka yangu. Jumamosi kuna basi. Mizani atasimamia kijana wa Tveit mpaka umpate mtu."

"Simtaki mtu."

"Utamhitaji. Mavuno hayangoji." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Na ule mlango wa kijumba unavuta baridi kwa chini. Mtengenezee huyo atakayekuja."

"Verna. Usiende."

Aliyasema maneno hayo waziwazi, bila kuyafunika na paa wala kuni wala nyumba kubwa. Yalikuwa maneno ya kwanza ya aina hiyo kumtoka katika maisha yake yote, na Verna aliyasikia, kwa sababu alifumba macho na kusimama hivyo kwa muda, kana kwamba anayaweka mahali pa kuyatunza.

Kisha alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa. Hakupiga magoti upande wa Inga. Alikwenda upande wa kulia, akachimba kidogo kwa vidole, akasimamisha kopo lake la peoni nyeupe mbele ya kile kiraka, akayatandaza maua kushoto na kulia mpaka mkwaruzo wote ukafunikwa. Kwa mbali mtu angeona jiwe jekundu, jina la Inga, pete mbili, na maua.

"Ni kwa leo tu," alisema, akijipangusa matope. "Ili Ardis akirudi asilikute wazi."

Hakumuaga. Alitembea kwenye njia ya kokoto, kofia yake ndogo ikilowa, mgongo wake mnyoofu, na Selmer alimsindikiza kwa macho mpaka alipofika barabarani. Hapo aligeuka. Walitazamana kutoka mbali, katikati yao mvua, kama kile kioo. Verna aliinua mkono wake polepole.

Sawa. Pita.

Selmer hakujua alikaa pale kwa muda gani. Kelele za sahani na nyimbo zilitoka kanisani, kisha zikapungua. Ardis alirudi na sahani ya nyama na viazi iliyofunikwa kwa kitambaa. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Kula, Baba. Utaugua."

"Sina njaa."

Aliweka sahani juu ya majani. Ndipo alipoyaona maua meupe. "Nani ameweka haya?"

"Verna. Anaondoka Jumamosi."

Ardis alinyoosha mkono kuelekea kopo, na Selmer akafikiri ataling'oa. Lakini alilisukuma chini tu, akalizungushia udongo kwa vidole, akaukandamiza ili upepo usiliangushe. Alipomaliza alisimama karibu na baba yake bila kumgusa.

"Angekufaa," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akarudi kwa watoto wake.

Peoni hazifi kama maua mengine, petali moja moja. Hukaa zimejaa, nzito, mpaka dakika ile inapofika, halafu humwaga kila kitu kwa pamoja. Selmer alilijua hilo, na bado alisimama na kofia mkononi akiyalinda yale maua kwa macho, kama mkulima anayelitazama wingu baya na hana la kufanya. Ua la kwanza liliinama. Likatetemeka. Kisha likamwagika lote juu ya majani yaliyolowa, na pale lilipokuwa, jiwe lililokwaruzwa likaanza kuonekana.